Huyu mzee wa Dodoma aliyefunikia chai CV yangu, Mungu anamuona

Kifutio Kikavu (mleta mada)

Wakuu, salamu leo sina, mtanisamehe. Niko stendi ya Nanenane hapa Dodoma nasubiri basi la usiku linirudishe Mbeya. Simu ina chaji asilimia 11, na hasira nilizonazo zinawatosha abiria wote, dereva na kondakta wake.

Kafunikia chai. CV yangu. Kaifunikia chai.

Mzee mnamjua, sina haja ya kumtaja. Kaunda suti ya kijivu, kalamu tatu mfukoni hata moja haiandiki, gari linanguruma kama mashine ya kusaga. Kama umewahi kuomba kazi ya ualimu mji huu, umeshamjua. Kama hujawahi, kaa kimya usome.

Mama watoto kapata barua ya kuhamia makao makuu, Mtumba, mwezi ujao anaripoti. Yeye kazi anayo. Mimi ni mwalimu wa shule binafsi, Fizikia na Hesabu, hakuna wa kunihamisha, nahamishwa na ndoa. Nikasema sitahama kama furushi, ngoja nitangulie nitafute kibarua kabla hatujafungua vitanda. Nimetuma maombi shule kumi na nne. Kumi na tatu kimya, hata "tumepokea" hakuna. Ya kumi na nne ndiyo ya huyu mzee, kanipigia mwenyewe: "Mwalimu wa Fizikia? Njoo kesho kutwa, vaa tai." Nilimshukuru Mungu kwa sauti mpaka jirani akauliza nimeshinda mkeka wa shilingi ngapi.

Kazini nikaaga nina msiba wa shangazi, Iringa.

Sasa nisikilizeni kuhusu hiyo CV. Nimeichapisha kwa karatasi nzito, ile ambayo mtu wa stationari anakuuliza mara mbili kama una uhakika na bei. Nimeiweka kwenye faili la plastiki. Imepita Makambako, imepita Mafinga, imepita Iringa, haijakunjika hata kona. Pale Mtera watu walipoanza kuingiza samaki kwenye basi, nimeikumbatia kifuani kama kichanga isije ikashika harufu. Imefika Dodoma safi kuliko mimi.

Nikaingizwa kidato cha pili, watoto 61, mada ni mashine rahisi. Nimepiga periodi mbili, dakika 80, rula ndiyo wenzo (lever), kifutio ndiyo egemeo. Watoto wamepiga makofi. Mlinzi dirishani kapiga makofi. Mbuzi alikuwa anapita akasimama akasikiliza mpaka mwisho.

Natoka huko chaki mpaka kwenye kope, naingia ofisini, nakuta CV yangu iko juu ya kikombe. Imelala. Inatoa mvuke pembeni. Mzee akaninyooshea kiti, akaiinua CV, akanywa, fuuup, akairudisha juu ya kikombe. Akaniuliza, "Mwalimu, unathamini kazi?" Akaiinua tena. Fuuup. Akairudisha. Mara TATU wakuu! Nzi mmoja akatua juu ya CV, kwenye uzoefu wangu wa miaka tisa, mzee akampungia mkono polepole kama anamuaga.

Mwisho akasema, "Tutakupigia," akanikabidhi CV yangu. "Chukua, karatasi yake nzuri hii, utaitumia tena."

UTAITUMIA TENA. Ina duara! Duara limezunguka sura yangu, nimekuwa kama mtakatifu wa kwenye kalenda. Picha imevimba shavu moja. Namba ya mdhamini wa pili haisomeki, wino umeingia kwenye chai na mzee kaunywa. Namba ya mdhamini wangu iko tumboni kwa yule mzee sasa hivi ninapoandika.

Mnaomjua semeni.

Ndugu Mjumbe

Hii chai.

Kifutio Kikavu

Ndiyo nakwambia, chai! Ya maziwa, ina tangawizi, harufu bado iko kwenye karatasi.

Ndugu Mjumbe

😂😂😂 Mkuu namaanisha stori yako ni chai, yaani uongo.

Jiko la Mkaa

Mleta mada anafundisha Fizikia kweli? Mbona anachelewa kushika hivyo.

Kawa la Ukili

Mzee kafunika kombe mwanaharamu apite. Na mwanaharamu kapita, yuko stendi ya Nanenane ana chaji asilimia 11.

Kifutio Kikavu

Kawa, wewe na mimi tutaonana.

Bibi Zabibu

Mimi nimemjua kwenye kalamu tatu, sikuhitaji kusoma zaidi. Nilikwenda kwake na nafasi ya English. Akaniambia nitamke neno "schedule", nikatamka, akaniambia nitamke tena, nikatamka, akaniambia kwenye shule yake halitamkwi hivyo. Nikamuuliza linatamkwaje. Akaangalia saa akasema muda umekwisha.

Mwamba wa Mtera

Si yule anayefunikia soda na vyeti?

Bibi Zabibu

Hapana, wa soda ni mwingine. Wa soda angalau anakupa na wewe soda.

Ticha Mtoro

Mleta mada samahani nikuulize. Watoto wa kidato cha pili walikuambia wameishia wapi?

Kifutio Kikavu

Ndiyo, na nikashangaa. Katoto ka mbele kakasema, "Mwalimu, jana tuliishia wenzo wa daraja la pili." Nikaanza la tatu. Kwa nini?

Ticha Mtoro

Kwa sababu la kwanza na la pili nilifundisha mimi. Jana. Nimetoka Singida kwa nauli yangu.

Chaki ya Rangi

Subirini kwanza. Mimi wiki mbili zilizopita nimewafundisha sumaku hao hao watoto 61. Nikaambiwa tutakupigia.

Mpiga Ramli

Umeme tuli ni mimi. Agosti. Nilisugua kalamu kwenye nywele za mtoto mpaka nywele zikasimama, mzee mwenyewe akaja kuangalia. Tutakupigia.

Ticha Mtoro

Wakuu mnaona? Upimaji wa kidato cha pili ni Novemba. Mzee hana mwalimu wa Fizikia, na wala hatafuti. Anamaliza silabasi kwa usaili! Leo wewe, kesho mwingine, mpaka mada zote ziishe. Hakuna mshahara, hakuna NSSF, hakuna chakula cha mchana.

Jiko la Mkaa

Huyu mzee anastahili kupewa wizara.

Kifutio Kikavu

Sawa, nimeibiwa dakika 80, hilo nimelimeza. Lakini CHAI je? Si angefunikia CV ya Ticha Mtoro aliyokuwa nayo tangu jana?

Ticha Mtoro

Yangu ilikuwa chini ya mguu wa meza, meza ilikuwa inacheza. Na wewe uliiegemea.

Kawa la Ukili

Wenzo wa daraja la kwanza huo.

Mzee wa Paredi

Poleni na msiba.

Kifutio Kikavu

Msiba upi?

Mzee wa Paredi

Wa shangazi, Iringa. Mkuu wako wa shule naye yumo humu, nimeona kauliza swali kwenye uzi wa matairi leo asubuhi.

Kifutio Kikavu

Mods naomba ile sentensi ya shangazi ifutwe.

Mtu wa Pugu Road

Kinachonichekesha ni safari. Sisi wa Dar tangu treni ya SGR ianze 2024, naondoka asubuhi, chini ya saa nne niko Dodoma. Nasailiwa, nakataliwa, napanda treni, nakula chakula cha usiku nyumbani kwangu. Kukataliwa siku hizi kumerahisishwa sana. Nyie wa Mbeya mnakataliwa na mgongo unauma juu yake.

Mwanga wa Kijiji

Mnalia nini nyie wa private? Angalau mnaweza kuzunguka na bahasha. Mimi wa serikali, mume wangu yuko Dodoma, mimi niko huku ninakojua mwenyewe, mwaka wa nne naomba uhamisho. Nimeambiwa nitafute wa kubadilishana naye. Nani aondoke Dodoma mjini aje huku, ambako maji tunagombania na ng'ombe, na ng'ombe wanashinda? Mtu wangu wa mwisho alikubali kwenye simu, nikamtumia picha ya nyumba ya mwalimu, akanitoa hadi kwenye status zake.

Shuka Jeupe

Natumia nafasi hii: niko Kasulu, sekondari, Kiswahili na Historia, natafuta wa kubadilishana naye kutoka Dodoma, Morogoro au Pwani. Huku hali ya hewa nzuri, migebuka ipo, mihogo ipo, majirani wastaarabu. Inbox.

Mwanga wa Kijiji

Kiswahili na Historia? Mko wangapi humu ndani? Ukirusha kifutio stendi yoyote unampiga wa Kiswahili na Historia.

Shuka Jeupe

Dada heshima kidogo. Nyie ndio mnaandika "nimefulahi".

Mwalimu wa Zamani

Vijana, mimi nilihamia Dodoma 2017, mwaka mmoja baada ya Magufuli kutangaza serikali inahamia, na nilipata kazi kabla sijahamisha hata sufuria. Shule binafsi zinatafuta walimu Novemba na Desemba kwa ajili ya Januari, na Juni kwa ajili ya muhula wa pili. Ukiitwa Septemba ujue kuna shimo, na wewe ndiye kifusi. Usimtafute mwenye shule, mtafute mwalimu wa taaluma, huyo ndiye anajua nani anaondoka. Waulize walimu waliopo kama mshahara unaingia tarehe au unaingia kwa dua. Mkisharidhiana, uliza mkataba kabla ya kufunga mizigo, na kama wanataka ufundishe kwanza, uliza nauli. Asiye na nauli yako leo hana mshahara wako kesho kutwa.

Jiko la Mkaa

Mzee umeandika vizuri ila ungemwambia jana.

Bibi Zabibu

Na mkataba nao si kinga. Mimi mkataba nilipewa, mkononi nikaanza kupokea pungufu, kila mwezi laki imepotea. Nauliza, naambiwa ni chakula cha mchana. Laki nzima! Ugali na maharage! Maharage yenyewe ukiyahesabu yanafika kumi na saba, mawili yana tundu.

Mpiga Ramli

Wewe umekatwa chakula. Mimi nilikatwa "maendeleo ya shule". Nikapita juzi, wamejenga geti. Nimelishika nikasema hili bawaba ni langu.

Kifutio Kikavu

Wakuu, sikatai, lakini nani kati yenu CV yake imewahi kunyonya mvuke? Maana naona kila mtu anakuja na lake.

Chaki ya Rangi

Ndugu yangu mvuke nao ni Fizikia, ungeunganisha humo humo ofisini, labda angekupa kazi.

Mtu wa Pugu Road

Tangawizi kwenye chai ya maziwa ni kosa lakini. Inakata maziwa.

Mama Ntilie wa Majengo

Haikati ukijua kupika. Tangawizi ichemke na maji kwanza, maziwa baadaye. Nyie mnaotupa vyote kwa pamoja ndio mnalalamika. Nauza chai miaka kumi na moja, haijawahi kukatika.

Mtu wa Pugu Road

Sawa mama, lakini iliki inatosha.

Mama Ntilie wa Majengo

Iliki unaimudu wewe? Unajua bei ya iliki?

Dalali Mstaarabu

Mleta mada, ukihamia nina nyumba Ilazo, vyumba viwili, sebule, maji ndani. Na Nkuhungu ipo moja ya kujitegemea. Miezi sita kwa mkupuo, na mwezi mmoja wa kwangu mimi.

Mwanga wa Kijiji

Mmeona? Hawa ndio wezi wenyewe, tena yule mzee wa chai afadhali. Dalali anakuonyesha nyumba dakika nne, anachukua kodi ya mwezi mzima. Mume wangu kalipa elfu kumi ya kuonyeshwa nyumba, kafika, ndani kuna watu wanakula.

Dalali Mstaarabu

Dada usichanganye madalali. Wapo wa vijiweni na wapo wenye ofisi.

Shuka Jeupe

Ofisi gani, mwembe?

Mzee wa Paredi

Mimi Kisasa dalali alinionyesha nyumba usiku kwa tochi ya simu. Asubuhi naamka, ukuta wa nyuma hauna. Kuna turubai.

Bibi Zabibu

😂😂 Na upepo ule wa Dodoma?

Mzee wa Paredi

Nililala nikaamka nina vumbi la Chamwino.

Jiko la Mkaa

Fungueni uzi wa madalali jamani, huu una utamu wake.

Mpiga Ramli

Usifunguliwe, tumalizie humu humu. Mimi dalali wangu alikuwa ndiye mwenye nyumba. Nimegundua mwezi wa tatu. Alikuwa anakuja kudai kodi kavaa kofia.

Kifutio Kikavu

Wakuu basi limefika, chaji asilimia 3. Lakini mnaikumbuka CV yangu kweli? Ilikaaje ile?

Dalali Mstaarabu

Ya Ilazo au ya Nkuhungu? Ya Nkuhungu imeshachukuliwa.