Mzee kaniletea kaunta buku nne, nikataja laki na nusu kwa kitabu kizima. Nimeumia?

Mnyalu_wa_Kihesa

Wakuu kamweneee, poleni na baridi, huku Iringa sio ya kitoto naandika hapa na soksi mbili.

Naombeni ushauri hasa wale mnaohariri vitabu kwa kujitegemea. Mimi nimemaliza ualimu, Kiswahili na Historia, ajira bado haijanikumbuka so nafundisha kwa kujitolea alafu jioni nafanya vibarua vya kuhariri. Nilianza na tasnifu za wanachuo, ile ya kurekebisha marejeo na vichwa vya habari, zinalipa kiasi chake. Sasa mwezi uliopita shangazi akaniunganisha na mzee mmoja wanasali nae, mwalimu mstaafu, anaishi upande wa Kalenga. Ameandika historia ya ukoo wao kuanzia enzi za Mkwawa, yule mtemi wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, mpaka uhuru. Nikaenda kumsalimia, nikapewa chai na magimbi, katikati ya magimbi akaniuliza "mjukuu wangu, kukipitia pitia tu hiki utaniambia shilingi ngapi". Jamani mzee wa watu ananiangalia vile, nikaona aibu kutaja hela ndefu, nikasema laki na nusu. Sikuwa nimefungua hata kaunta buku moja.

Kaunta buku ziko nne. Alishazipeleka stesheneri wakamtaipia, faili lina maneno 62,000 na kidogo. Na huyo aliyetaipu yani L na R kwake ni mtu na mdogo wake, "mahali" yote imekuwa "mahari", kuna sehemu jeshi la Wajerumani "lilifika mahari pa maji" nikacheka peke yangu kama chizi. Ubaya wake kompyuta haipigi mstari maana mahari ni neno halali kabisa. Vivyo hivyo "thamani ya shamba" imekuwa "samani ya shamba". Wiki mbili nimemaliza sura 3, ziko 14.

Hayo ya herufi nayaweza. Kinachonitoa jasho ni kwamba sura ya 2 vita ya Lugalo ni 1891, sura ya 6 vita hiyohiyo ni 1894. Fuvu la Mkwawa, lile lililopelekwa Ujerumani, anasema lilirudi 1961. Sura ya 4 na ya 9 ni stori ileile imesimuliwa mara mbili. Alafu jana kanipigia anauliza ISBN (ile namba ya utambulisho wa kitabu) nimeshamtafutia? na mchapishaji je? na mwisho akasema "ila usiniguse maneno yangu".

Sasa naongezaje bei wakati nilishaitamka mwenyewe kwa mdomo wangu? Na hizo tarehe nirekebishe tu kimyakimya au?

kiazi_mviringo

Laki na nusu kwa kaunta buku nne 😂😂 huku Njombe hata anayekuja kukuvunia viazi anafungua kwanza gunia aone ukubwa ndo anataja bei. Wewe umenunua mbuzi kwenye gunia kisa magimbi.

mama_prufu (Mbeya)

Mdogo wangu pole, kosa hilo tumelifanya wote, mimi niko kwenye hii kazi mwaka wa 11 na kitabu changu cha kwanza nililipwa hela ya nauli tu ya kwenda kukichukua. Ngoja nikupigie hesabu ujionee mwenyewe.

Sisi ukurasa hatuhesabu wa Word maana mtu anabana herufi anakuletea kurasa 90. Tunahesabu maneno 250 ndo ukurasa mmoja. Maneno 62,000 ni kurasa 248. Mswada mchafu kama huo ukiufanya kweli unatoa kurasa 4 au 5 kwa saa, kwa hiyo una masaa 50 mpaka 60 na ushee ya kukaa kwenye kiti. Laki na nusu ukigawa kwa kurasa 248 ni mia sita na kitu. Muulize mzee stesheneri alilipa shilingi ngapi kwa ukurasa, nina wasiwasi aliyeandika mahari kalipwa kuliko wewe unayeiondoa. Mimi kwa kazi ya namna hiyo nachaji 2,000 kwa ukurasa, nusu natanguliziwa, na kabla sijataja bei naomba sura moja kutoka KATIKATI ya mswada, sio mwanzo. Mwanzo kila mtu ameuandika mara kumi umenyooka, uchovu wa mwandishi unauona sura ya 7.

Pili, mlipokaa hapo kwenye chai hamkuelewana kazi gani. "Kupitia pitia" sio kazi. Kuna kuhariri muundo, ndo hayo ya sura ya 4 na ya 9 kujirudia, nini kianze nini kifuate nini kitoke. Kuna kuhariri lugha, sentensi kwa sentensi. Alafu kuna kusoma prufu, hiyo ni mwishoni kabisa kitabu kikishapangwa kurasa, unawinda makosa yaliyobaki. Wewe unazifanya zote tatu kwa pamoja kwa bei ya nusu ya moja ndo maana wiki mbili uko sura ya 3. Na unanyoosha "mahari" kwenye sura ya 4 ambayo labda mwisho wa siku inafutwa yote! Simama. Soma mswada wote kwanza bila kugusa kitu, alafu mwandikie mzee barua ya kurasa mbili tatu, mambo makubwa uliyoyaona. Akishaamua yeye ndo urudi kwenye herufi.

Tarehe: hapana, usibadilishe kimyakimya, hata kama una uhakika. Lugalo ni 17 Agosti 1891, hilo halina ubishi, ndo Zelewski, kamanda wa Wajerumani, alipouawa. 1894 ni boma la Kalenga lilipoanguka, mwezi wa 10. Naona mzee kavichanganya viwili, au sura ya 6 alikuwa anasimulia Kalenga kabisa akaandika Lugalo, sasa wewe ukibadilisha mwaka tu utakuwa umemharibia sura nzima. Fuvu lilirudishwa Juni 1954. Weka komenti pembeni, kwa adabu, "Babu, sura ya 2 umesema hivi, huku hivi, ipi tuishike?" Kazi yetu ni kuuliza, jina kwenye jalada ni la kwake.

Na chukua daftari dogo uwe unaandika maamuzi yako. Mhehe au M-Hehe, Uhehe, vita ya au vita vya, kwa hiyo (maneno mawili, mtoe huyo "kwahiyo" popote alipo). Chagua kamusi moja ya kusimamia tahajia, ya TUKI au Kamusi Kuu ya BAKITA, sio leo hii kesho ile. Bila daftari ukifika sura ya 12 hukumbuki uliamuaje sura ya 1.

Angalizo lingine, usimtupie mzee wa watu kwenye hizi akili mnemba akuharirie. Nilijaribu na kitabu cha mteja mmoja aliyekubali, kilirudi kimenyooka hakina kosa la herufi ila wahusika wote wanaongea kama risala ya mwenge.

mtunzi_Tukuyu

Naomba nami niseme kwa niaba ya waandishi maana hapa naona tunahesabiwa kwa kilo.

Dada usimchukulie vibaya mzee kwa hilo la "usiniguse maneno". Mimi kitabu changu kilipita kwa mhariri mmoja aliyependekezwa na mchapishaji (simtaji), bibi yangu kwenye mswada alikuwa anaongea Kiswahili chake cha Rungwe, kifupi, kikali, akirudi kutoka kwa mhariri bibi anaongea kama mtangazaji wa taarifa ya habari. "Hali ya hewa haikuwa ya kuridhisha mjukuu wangu". Bibi yangu mimi! Kila kosa la sarufi lilikuwa limetoka na yeye katoka nalo. Nilirudisha kila kitu mwenyewe usiku kwa usiku. Na hakuniachia alama popote, alifuta na kuandika juu kwa juu, ikabidi nilinganishe mafaili mawili ukurasa kwa ukurasa. Kwa hiyo hakikisha umewasha ile sehemu ya Word inayoacha rangi kila ulipogusa, na kama mzee hatumii kompyuta mprintie amuone adui yake kwa kalamu nyekundu.

Kuhusu hela natofautiana kidogo na mama_prufu. Ulitaja laki na nusu, mzee akakubali, huwezi kurudi unasema hesabu zimenionyesha nikudai nusu milioni. Atakuona tapeli na shangazi yako atasikia kanisani. Mpe kazi ya laki na nusu, ambayo ni herufi tu, na hayo mengine mkae upya.

mama_prufu (Mbeya)

@mtunzi_Tukuyu hatujatofautiana kaka, sikusema adai nusu milioni. Ila asinyooshe herufi za kitabu chenye sura inayojirudia akajifanya hajaona, hiyo ndo ingekuwa utapeli. Aende Kalenga mwenyewe, asimalizie kwenye simu. Mzee haelezwi hela kwa meseji. Na wakikubaliana waandikishane hata ukurasa mmoja wa daftari, kazi gani, mara ngapi atapitia, lini, shilingi ngapi kwa awamu. Mimi kuna mchapishaji alinizungusha miezi tisa kwa kuwa tuliongea tu kwa mdomo, kila nikipiga naambiwa kitabu kikianza kutembea tutakuona dada. Kikatembea. Mimi nikabaki nimekaa.

mpigachapa_Mwanjelwa

Mimi wa upande wa mashine, kwa kifupi kwa sababu kuna kazi inasubiri kufungwa.

Mhariri, mchapishaji na mpiga chapa ni watu watatu. Wateja wengi wanakuja ofisini wanadhani sisi ndo wote. Mchapishaji anachagua mswada, anaweka hela yake, anauza. Sisi tunapiga chapa ulicholeta, ukileta mahari tunapiga mahari nakala 500. Kama mzee anajichapishia mwenyewe basi ISBN anaomba mwenyewe Bodi ya Huduma za Maktaba, tarakimu 13, za kwetu nyingi utaona 978 alafu 9976 au 9987. Akija kutoa toleo jipya lililobadilishwa anachukua namba nyingine, kurudia kuchapa tu kilekile namba inabaki. Hakimiliki aende COSOTA, ofisi ya hakimiliki, akasajili ili awe na ushahidi, ingawa kazi ni yake tangu siku ameiandika. Akiwa na ndoto ya kukiingiza mashuleni hapo ndo anakutana na Taasisi ya Elimu wanaopitisha vitabu vya shule, hiyo safari nyingine na dada usiibebe kwenye laki na nusu yako.

La mwisho, TAFADHALI asipange kurasa kabla hujamaliza kuhariri. Kila siku naletewa kitabu kimeshapangwa na picha zimekaa, mtu anasema "kuna aya tatu nimeziongeza ukurasa wa 12". Zinasukuma kila kitu mpaka mwisho, yaliyomo yote yanakuwa uongo. Na sisi tunakunja karatasi kubwa kwa kurasa 16, ukizidisha kurasa mbili umenunua nyingine 14 tupu.

Mnyalu_wa_Kihesa

Wakuu nimerudi, asanteni sana, mama_prufu nitakutafuta pembeni.

Jumamosi nilienda. Nilichukua barua ya kurasa tatu kama nilivyoelekezwa na nikaanza na sifa maana kusema ukweli anaandika vizuri, sura ya mama yake kusaga ulezi nililia. Nikamwambia babu mimi nilikosea, nilitaja bei bila kufungua daftari, hiki kitabu kinahitaji zaidi ya kupitiwa. Akanyamaza muda mrefu hadi nikaanza kuangalia mlango. Akauliza "kurasa ngapi". Nikamwambia 248. Kumbe stesheneri alilipa elfu moja kwa kila ukurasa waliomtaipia! Akasema basi hawezi kumlipa anayefuta chini ya anayekosea. Tumekubaliana 1,500, jumla 372,000 kwa awamu tatu, tumeandikishana, shangazi shahidi, na nimerudi na ndoo ya parachichi. Sura ya 9 inameza ya 4. ISBN atamtuma mwanae aliye Dar.

Lugalo ilikuwa kama ulivyosema, sura ya 6 ni Kalenga, kalamu iliteleza. Ila kwenye fuvu alikuwa mbishi kweli, 1961, 1961. Nikamuuliza babu wewe siku hiyo ulikuwa wapi? Akasema nilikuwepo Kalenga, nilikuwa darasa la kwanza, baba alinibeba begani kwa sababu watu walikuwa wengi sioni kitu, namkumbuka gavana na kofia yenye manyoya. Nikamuuliza umezaliwa lini, akasema 1947. Tukaangaliana. Akacheka mpaka akakohoa, "basi baba alikuwa na mabega, kubeba kijana wa miaka 14".

Nikamwambia babu haya ya begani mbona kwenye kitabu hayamo? Akasema alidhani hayana maana. Sasa amefungua kaunta buku ya tano, leo asubuhi kanitumia picha za kurasa 11 kwa simu ya mjukuu wake na anasema bado hajafika gavana alipoanza kuhutubia.

Hizi nazihesabu au zinaingia kwenye yale makubaliano?

kiazi_mviringo

Zihesabu. Na safari hii usikae karibu na magimbi.

mama_prufu (Mbeya)

Zihesabu mdogo wangu, 1,500 ni 1,500, na mwambie azitaipishe stesheneri nyingine.