Ushauri: nimwoneshe mdogo wangu Wolf Man mpya, au tuanze na ya 1941?

Wakuu, habari za jioni.

Mdogo wangu wa kike ana miaka 19 na anapenda mno filamu za kutisha. Jumamosi anakuja kwangu, na ameshaniagiza nitafute Wolf Man ya Leigh Whannell, iliyotoka Januari 2025. Mimi nimeona ile ya 1941 tu, Lon Chaney Jr. akiwa Larry Talbot, na niliipenda sana.

Shida yangu ni hii. Mwaka jana tulimuuguza baba hadi akafariki. Ugonjwa ulimpanda kichwani, mwishoni hakututambua tena, na aliyekuwa anakesha naye ni huyu huyu mdogo wangu. Nasikia filamu hii mpya ina baba anayegeuka mbwamwitu mbele ya mke na mtoto wake. Mlioiona, nimkatalie? Naombeni ushauri wa kweli.

Mzee wa Reli: Poleni sana kwa msiba, mkuu. Anzeni na ya 1941, ni dakika 70 tu. Huzuni imo, maana baba ndiye anayemuua mwanawe kwa fimbo ya kichwa cha fedha, ila mambo yenyewe yako mbali nasi: Wales, ukungu, bibi Maleva na dua zake. Na mwambie aliyeiandika, Curt Siodmak, alikuwa Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Wanazi. Halafu aitazame upya ile nyota inayotokea kwenye kiganja cha mtu anayefuata kufa, akikumbuka kwamba Wanazi waliwavalisha Wayahudi nyota.

Nesi wa Zamu: Mleta uzi, pole. Hii ya 2025 nimeiona, na kazini nakaa na wagonjwa wa aina ya baba yenu, kwa hiyo nakwambia wazi: ni filamu ya ugonjwa. Habari ya mtu kugeuka mbwamwitu mwezi ukiwa mpevu waliiacha. Blake anakwaruzwa mkononi msituni Oregon, kisha kwa usiku mmoja mwili unamwisha: jasho, meno yanang'oka, nywele zinanyonyoka, mkewe Charlotte hajui amsaidieje.

Kuna mahali kamera inahamia upande wa mgonjwa. Mwanga unabadilika, mkewe anaongea naye, na yeye anasikia sauti isiyo na maneno. Ukirudi upande wa mke, Blake ndiye anayenguruma. Wote wawili wanajitahidi, na hawafikiani. Kabla ya hapo anasikia vishindo ndani ya nyumba, anavifuata, anakuta ni buibui anatembea ukutani. Hapo kwa Charlotte na binti yao Ginger ndipo patakapomgusa mdogo wako, kuliko damu yote iliyomo.

Usimkatalie, ni mtu mzima. Itazame kwanza peke yako, kisha mweleze ilivyo kabla hamjawasha. Na muitazame mchana.

Kijana wa Pasua: Ipo pia ya 2010, ya Joe Johnston, Benicio del Toro na Anthony Hopkins. Rick Baker na Dave Elsey walipata Oscar kwa vipodozi vyake. Hiyo ni damu na makucha, haitawafikisha chumba cha mgonjwa.

Mama Wawili: Samahani, Kijana, ya 2010 nayo ni ya baba na mwana, tena wanauana. Hadithi hii kila ikirudiwa, baba yumo. Mimi nilimuuguza mama hivyo hivyo, na watu walikuwa wananificha kila kitu chenye mgonjwa, hata tamthilia. Nilikuwa natamani mtu mmoja tu aniulize ninataka nini. Muulize binti.

Mleta uzi: Ahsanteni sana wote. Nesi, umenisaidia mno, hapo pa kuongea bila kusikilizana ndipo hasa tulipokuwa na baba. Ijumaa usiku nitaiona peke yangu. Asubuhi nitampigia kabla hajapanda basi, nimweleze yote, aamue yeye. Ya 1941 nitakuwa nayo tayari akiitaka.

Nesi wa Zamu: Sawa kabisa. Akichagua mpya, rimoti mpe yeye.