Kabati la vitabu limefungwa kwa msomaji, limefunguliwa kwa harusi. Lubumbashi, hii ni nini?

Naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Kuna chumba cha kusomea hapa katikati ya mji, jina lake nalihifadhi. Jengo ni la zamani, madirisha marefu, sakafu ya mbao inayolia ukiikanyaga, rafu mpaka karibu na dari. Pembeni kuna kabati la vioo lenye vitabu vya jalada la ngozi, na kati ya vitabu hivyo kuna sarufi ya Kilatini. Mgongo wake naujua rangi na maandishi, maana nimeutazama kupitia kioo tangu mwezi wa tano.

Mara ya kwanza nilipoiomba, mtunza vitabu aliniambia, “Ile mabuku haitokake.” Nikamwambia, papa, sitaki kutoka nacho, nitakisomea hapa hapa mezani, mbele ya macho yako. “Ufunguo haiko.” Mara ya pili ufunguo ulikuwa kwa mkubwa wake, na mkubwa alikuwa safarini. Mara ya tatu hakujisumbua hata na habari za ufunguo. Alinitazama kuanzia viatu mpaka kichwani, koti langu la sufi, sketi ndefu ya kahawia, daftari kwapani, kisha akasema chumba kizima kisikie: “We mutoto, hapa haiko studio ya kupigia foto. Fasi ya foto iko inje.”

Simu yenyewe sikuwa nayo siku hiyo. Nilikuwa na kalamu, daftari na chupa ya maji.

Sasa Jumamosi iliyopita nimepita pale saa nane mchana, nikakuta magari yamefungwa maua mlangoni. Nikaingia. Bwana harusi, bibi harusi, mpiga picha na kijana wake wa taa. Na kabati wazi! Ule ufunguo ambao haukuwepo miezi yote hiyo ulikuwa unaning’inia kwenye kufuli. Vitabu vimeteremshwa, vimepangwa sakafuni kwa duara, kurasa zimefunuliwa, maua ya plastiki juu yake, bibi harusi ameketi katikati na gauni limelalia kurasa. Sarufi ya Kilatini niliitafuta kwenye duara nisiione. Ilikuwa chini ya mguu wa taa, imewekwa pale ili taa isimame sawa.

Mtunza vitabu yule yule ndiye aliyekuwa anawapangia. Nikamuuliza kijana wa taa kwa sauti ya chini wamelipa ngapi. Dola 40 kwa saa.

Maharusi sina ubaya nao, Mungu awape nyumba yenye amani. Wao walionyeshwa mlango wakalipa wakaingia. Hasira yangu ni kwa aliyeshika ufunguo. Kama vitabu ni dhaifu mno hata mwanafunzi aliyenawa mikono asiviguse, vimepataje nguvu ya kubeba gauni na mguu wa taa? Na kama pesa ndiyo inayofungua, mbandike bei mlangoni, tujue mapema kwamba kusoma ni biashara ya wenye dola.

Najua watakaokuja kuniambia hapa chini: wewe nawe umejitakia, unavaa kizungu, unaiga mambo ya intaneti. Basi tuongee hilo. Mtindo wenyewe unaitwa dark academia. Ulianza kukua kwenye mtandao wa Tumblr miaka ya 2010, ukalipuka TikTok mwaka 2020 watu walipofungiwa majumbani kwa ajili ya Covid, na wengi huufuatilia nyuma mpaka riwaya ya Donna Tartt ya mwaka 1992, ya wanafunzi wanaosoma Kigiriki cha kale katika chuo kidogo cha Vermont, Marekani. Makoti mazito, kalamu za wino, mashairi, vyumba vya mbao, mwanga hafifu. Ndiyo, nimeupenda. Mimi ni mtoto wa mtaa wa Katuba, nasoma masomo ya biashara kwa sababu baba ndivyo alivyotaka, na nilipoona vijana wa rika langu wakiona fahari kukesha na kitabu, nilihisi kuna watu wananijua. Koti nililinunua mitumba, soko la mtaa wa Kenya hapa hapa mjini, faranga 18,000, na mwezi wa sita na wa saba usiku wa Lubumbashi unajua wenyewe kwa nini mtu anavaa sufi.

Lakini nani kawaambia kwamba Kilatini na mataa ya kusomea ni mali ya watu wa huko? Valentin-Yves Mudimbe, mwanafalsafa na mwandishi, alizaliwa Likasi mwaka 1941, wakati mji huo ukiitwa Jadotville, barabara moja tu kutoka hapa. Alilelewa kwa watawa Wabenedikto na lugha hizo za kale, miaka ya 1970 akafundisha chuo kikuu cha hapa hapa Lubumbashi, halafu akaenda Marekani na dunia nzima ikamsoma. Amefariki mwezi wa nne mwaka 2025. Siku hizo za msiba kila mtu alikuwa anabandika picha yake. Leo mtoto wa mji huu anaomba sarufi ya Kilatini, anaambiwa atoke nje.

Na mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji huu kwa Kiswahili, Kiswahili hiki hiki tunachochekwa nacho, kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa majumbani. Maboi, kama walivyoitwa. Watu waliopanguza vumbi kwenye vitabu vya mabwana wao waliandikisha kitabu chao! Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikichapisha Ulaya mwaka 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Ni vijana wangapi wa Kamalondo au Ruashi wamewahi kukishika? Mimi bado. Nimekiulizia mara mbili, nikajibiwa kwa kutikiswa kichwa.

Nyumbani nako sina nafuu. Umeme ukikatika Katuba nasoma kwa mshumaa, hakuna siri hapo. Mama mudogo aliniona na nguo nyeusi, mshumaa, na daftari lenye maneno asiyoyaelewa, akaenda kusema kwenye maombi kwamba nimeingia Roz-Krwa, kile chama cha siri kinachoogopwa. Nikaitwa mbele. Nikaambiwa nilete daftari lichomwe. Lina nini daftari lile? Amo, amas, amat, vitenzi nilivyonakili kutoka kwenye simu ya mtu. Sikulipeleka. Tangu siku hiyo analala mlango umefungwa kwa ndani, na mimi ndiye niliyemsomea dawa zake mwaka jana alipougua.

Na ninyi wenzangu wa mtindo huu, msidhani mmepona. Kwenye kundi letu la WhatsApp kuna watu wananunua vitabu kwa rangi ya jalada, wanachana kurasa wanabandika ukutani, wanapiga picha, basi. Mmoja alichana kamusi. Kamusi! Mtunza vitabu anapotuona anatufananisha na ninyi, na hapo mnampa sababu asiyostahili kuwa nayo.

Ninachotaka ni kidogo. Kabati lifunguliwe siku moja kwa wiki, kuwe na meza moja mbele yake na daftari la kusaini majina, mtunza vitabu akae pale pale atuangalie kama anatuogopa. Wasioweza kulipa wasilipe. Na picha za harusi zipigwe kwenye bustani, au kama ni lazima ziwe ndani, vitabu vibaki kwenye rafu.

Kuna wasomaji wengine wa Lubumbashi hapa waliofukuzwa chumba hicho? Andikeni siku na mlichoambiwa. Nataka tuwe hata watano kabla sijapeleka barua kwa mkubwa wake, maana barua ya mtoto mmoja wa Katuba najua itaishia wapi.

Na kama kuna padri mstaafu, mwalimu wa zamani, au mtu yeyote mwenye sarufi ya Kilatini nyumbani kwake inayoliwa na mchwa, aniandikie. Nitakuja mwenyewe kuichukua, nitaivalisha jalada la karatasi, na baada ya wiki tatu nitairudisha.