Kuboresha toleo jipya la albamu ya dansi: faili tulilonalo, santuri za zamani, au kanda za redio?

Mwenye mada
Ndugu wanachama, miaka mitatu iliyopita kampuni yetu ndogo ya muziki ilitoa upya albamu ya nyimbo za dansi ambazo bendi moja ya Tanzania ilizirekodi Nairobi katika miaka ya 1970, zikatoka kwenye santuri ndogo za mizunguko 45. Nakala zimekwisha na tunaandaa chapa ya pili, lakini sauti ya ile ya kwanza hainiridhishi. Fundi tuliyempa kazi alifuta mikwaruzo kwa nguvu mno, hata matoazi yakabaki kama mchele unaopepetwa nyumba ya tatu, na pumzi anayovuta mwimbaji kabla ya ubeti wa pili imepotea kabisa. Naona njia tatu: kulisafisha upya faili la sauti la chapa ya kwanza, kuhamisha sauti upya kutoka kwenye santuri, au kuomba kanda za iliyokuwa Redio Tanzania Dar es Salaam, ambako bendi hiyo ilirekodi pia. Mnashauri ipi?

Fundi Sauti
Faili liwekeni kando, kwa maana kilichofutwa hakirudishwi. Mkiongeza sauti za juu mtakuza kelele za programu, wala hamtapata toazi. Mimi ningerudi kwenye santuri. Zioshwe kwa maji yaliyotoneshwa, kisha zijaribiwe kwa sindano za unene mbalimbali, kwa sababu sindano ya zamani iliula ukuta wa mfereji wa santuri mahali pamoja tu, na nyingine nyembamba au nene kidogo hugusa sehemu ambayo bado ni nzima. Santuri hizo ni za mono, yaani sauti ya njia moja, lakini zisomwe kwa kichwa cha stirio, chenye njia mbili, na kila njia isikilizwe peke yake, maana mara nyingi ukuta mmoja wa mfereji umechakaa kuliko mwenzake. Hifadhini kidijitali kwa ubora wa biti 24 na kilohezi 96, na mikwaruzo iondolewe mmoja mmoja kwa mkono. Inachosha, lakini sauti ya mwimbaji inabaki.

Mpenzi wa Zilipendwa
Kwa heshima, naona kanda zinashinda. Utepe haukuchakazwa na sindano za baa, na wimbo wa redioni haukulazimika kukatwa katikati ili uenee pande mbili za santuri.

Mkusanyaji wa Santuri
Ndugu yangu, hapo tuwe waangalifu. Bendi nyingi, ya Mbaraka Mwinshehe ikiwa mojawapo, zilirekodi redioni Dar es Salaam na zikasafiri pia hadi Nairobi, ambako santuri zilichapwa. Kwa hiyo wimbo uliomo kwenye kanda ni upigaji mwingine, pengine wenye solo tofauti na hata mpiga saksafoni tofauti. Mkiuweka mahali pa ule wa Nairobi chini ya jina lilelile la albamu, hamtakuwa mmeiboresha bali mmeibadilisha, na mnunuzi aliyeukariri ule wa santuri atajua papo hapo. Ombeni kibali, muuongeze mwishoni kama nyongeza iliyoelezwa wazi.

Mwenye mada
Nakubali, na nakiri sikuwa nimelifikiria hilo. Nyimbo nne zimegawanywa sehemu ya kwanza na ya pili. Je, tuziunganishe?

Fundi Sauti
Pimeni kasi kwanza. Ikizidi kwa asilimia 6, wimbo unapanda nusu toni, na tofauti ndogo kuliko hiyo inatosha kufanya kiungo kisikike. Linganisheni gitaa la besi mwishoni mwa upande wa kwanza na mwanzoni mwa wa pili. Sauti ikiwa imefifishwa mwishoni mwa upande wa kwanza, msilazimishe. Acheni kimya kifupi.

Mkusanyaji wa Santuri
Nami naomba jambo moja kuhusu kijitabu. Chapa ya kwanza imetaja mwimbaji na mpiga solo tu. Wapiga rithimu, besi, tumba na matarumbeta watafutwe majina yao kwa wazee waliopiga nao, na warithi wao wajulishwe kabla ya mitambo kuwashwa.

Mwenye mada
Tutaanza na santuri. Nina nakala mbili za kila wimbo isipokuwa mmoja, ambao nakala yake pekee ina ufa unaofika katikati ya kiitikio. Mwenye nzima naomba aniazime kwa siku mbili. Nitaifuata mwenyewe popote alipo.