Tupeane uzoefu: wenye projekta nyumbani, inawatendaje?

Wakuu, TV yangu imepasuka kioo na bei ya fundi inakaribia ya TV mpya. Nawaza kuchukua projekta. Maneno ya muuza duka nimeshayasikia, nataka ya aliyekaa nayo.

Mdau wa Tabata: Mkuu, mimi nilipigwa. Boksi limeandikwa lumeni 9000 (kipimo cha mwanga), 1080p (yaani picha ya pikseli 1920 kwa 1080). Nikaiwasha saa nane mchana, ukutani kama mtu kamwaga chai ya maziwa. Usiku angalau, ila matokeo pale kwenye kona husomi. Kumbe hiyo 1080p inaipokea tu, yenyewe ina pikseli 800 kwa 480. Usiulize inasapoti nini, uliza yenyewe ni ngapi. Na mwanga uliza ANSI lumeni, zile zinazopimwa kwa kiwango rasmi, hizo nyingine wanajitungia.

Mdau wa Mbagala: Mimi nina kibanda umiza. Natumia ya mtumba, ya 3LCD (ndani ina vioo vitatu vya LCD, kimoja kwa kila rangi), lumeni 3000 na ushee. Mechi ya mchana, mabati yana matundu, na mpira unaonekana. Shida ni taa, ikifa bei yake inauma. Kabla hujalipa mtumba, ingia kwenye menyu usome saa ambazo taa imeshatumika. Mwenye kuuza akikuzuia, ondoka. Halafu weka UPS, ile betri ya akiba, maana umeme ukikatika ghafla feni inasimama taa ikiwa bado ya moto.

Dada wa Mombasa: Yetu ni DLP, ile inayorusha rangi moja moja kwa zamu, haraka sana. Picha kali, lakini mume wangu akigeuza macho haraka anaona vijirangi vyekundu, kijani na bluu. Mimi sioni kitu. Nilidhani ananitania hadi shemeji naye akaviona. Nendeni dukani wote mnaoishi nyumba moja.

Mdau wa Dodoma: Hizi ndogo za bei poa hazijazibwa ndani. Vumbi la huku liliingia, kila mtangazaji wa habari akawa na doa shavuni. Nilifungua nikapuliza kwa pampu ya baiskeli. Limehamia kidevuni.

Mwanzisha uzi: Duuh. Toka ukutani hadi kabati nina mita 2.4 tu, inatosha?

Mdau wa Mbagala: Angalia kwenye maelezo namba ya umbali wa kurusha (throw ratio), yaani umbali kugawa kwa upana wa picha. Ikiwa 1.2, gawa 2.4 kwa hiyo, upana wa picha mita 2. Hiyo ni kama inchi 90.

Mwanzisha uzi: Inchi 90! Mama watoto kasema kabati halisogei, projekta ikae juu yake. Jumamosi naenda naye Kariakoo tukajaribu hayo macho.