Tupeane uzoefu: kikundi kimoja, wanachama wako programu tofauti za kuchati

Mwambao TGA
Wakuu, uzi huu ni wa makatibu na waweka hazina hapa Tanga: vikoba vya Ngamiani na Makorora, kamati za harusi, wachuuzi wa samaki wa Deep Sea. Wengi wako WhatsApp, wengine Telegram, vijana wachache Signal, wazee wana viswaswadu. Ujumbe wa huku haufiki kule. Wekeni njia zinazofanya kazi kweli.

Fundi Chumbageni
Mkuu, ufundi haujakosekana. Jabber, mfumo wa kuchati ambao leo tunauita XMPP, upo tangu 1999, na seva (kompyuta zinazopitisha ujumbe) za wamiliki tofauti zinazungumza kama barua pepe. Google Talk, programu ya kuchati ya Google, iliruhusu hivyo kuanzia 2006, ikaja Hangouts, mrithi wake, 2013 ikafunga mlango. Kampuni ikishakuwa na watu wote wa mtaa, haioni faida ya kumfungulia mshindani. Ulaya imebidi sheria iingilie: WhatsApp na Messenger zinatakiwa kupokea programu nyingine zinazoomba kuunganishwa. Sheria hiyo ni ya watumiaji wa Ulaya, sisi haituhusu. Hata hela za simu zinavuka mtandao kwenda mtandao hapa nchini, meseji za kuchati bado!

Binti Pangani
Kuhamia Telegram bila kupoteza kumbukumbu: fungua kundi la WhatsApp, gusa vidoti vitatu, ingia kwenye zaidi, chagua kuhamisha mazungumzo, kisha bila picha. Orodha ya programu ikitokea, gusa Telegram na uchague kundi ambalo wewe ni admini, au uunde jipya. Tarehe za zamani zinabaki.

Angalieni haya. Ukichukua na picha unapata meseji 10,000 za mwisho, bila picha 40,000. Kama kundi limewashiwa faragha ya juu, kuhamisha kunakataa mpaka izimwe. Na majina yanatoka kama ulivyoyasevu wewe: ukiandika "Mama Asha Deni", kundi zima litalisoma hivyo. Badilisha kwanza kwenye simu yako. Pia makundi ya Telegram hayana ule ufungaji wa mwanzo hadi mwisho, unaomzuia hata mwenye seva kusoma ujumbe, kwa hiyo namba za NIDA na picha za vitambulisho zisiwekwe humo.

Katibu wa Kikoba
Kwa tangazo la lazima, SMS tu ndiyo inayomfikia kila mtu. Mfano:

Ada ya mwezi mwisho Ijumaa saa 10 jioni. Tuma kwa mweka hazina, andika jina lako.

Hizo ni herufi 81 pamoja na nafasi, SMS moja. Ongeza emoji moja, zinakuwa mbili, kwa sababu kikomo cha herufi kwa SMS moja kinashuka kutoka 160 hadi 70. Kamati za harusi ndizo zinazoumia bila kujua: baadhi ya simu zinapinda zenyewe kile kialama cha "ng'ombe", na kilichopinda kinahesabiwa kama emoji. Zima alama za kujipinda kwenye kibodi, au andika "mnyama". Mkituma kwa watu 200, ni SMS 400 badala ya 200.

Fundi Chumbageni
Nyongeza: wapo wanaounganisha WhatsApp na Telegram kwa daraja la Matrix, yaani programu kwenye seva inayopokea ujumbe wa huku na kuupeleka kule. Linafanya kazi, ila ujumbe unafunguliwa darajani kabla ya kufungwa upya, kwa hiyo mwenye seva anaweza kuusoma. Namba yako nayo inaweza kufungiwa. Msitumie namba ya kikundi inayopokea michango.