Tupeane uzoefu: banda la kuku wachache wa nyumbani liwe na ukubwa gani?

Mfuga Kumi na Mbili
Habari za asubuhi wakuu. Leo nimefungua banda nikakuta mtetea mmoja mgongo mtupu, manyoya hakuna, na wenzake watatu wamemzunguka wanadonoa pale pale penye damu. Nimemtoa, yuko kwenye boksi stoo. Nina mitetea 10 na majogoo 2. Banda ni mita 2 kwa mita moja na nusu. Jirani mmoja kasema joto, mwingine minyoo, mwingine nafasi. Mlioanza na wachache, mlipimaje? Ya vitabuni nimeshasoma, nipeni yaliyowakuta.

Mama Tetea
Pole sana. Nafasi hiyo. Kwangu walianza hivyo hivyo.

Mpenda Hesabu
Mkuu, 2 mara 1.5 ni mita za mraba 3. Kuku 12 gawa kwa 3, unapata 4 kwa kila mita. Wengi tunaweka 4 hadi 5 wakubwa kwa mita na maisha yanaenda. Banda lako halina shida.

Futi kwa Futi
Halina shida wapi? Kuku mmoja apewe futi za mraba 4 ndani, na nje futi 8 hadi 10. Ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo ninavyojenga.

Mpenda Hesabu
Mita moja ya mraba ni karibu futi 10.8. Gawa kwa 4, hupati hata kuku 3. Kwa hesabu yako huyu abaki na 8, wanne wakalale kwako?

Futi kwa Futi
Walete. Wakilala kwangu hawatakulana.

Bibi Hakupima
Nyie mnachekesha. Bibi yangu kafuga miaka yote hajawahi kushika futikamba. Kuku walikuwa wanalala jikoni, juu ya kuni, wengine mtini.

Mama Tetea
Na mchana walikuwa wapi? Kijiji kizima kilikuwa uwanja wao. Huyu ana ua wa matofali. Usilinganishe.

Fundi Misumari
Nimejenga mabanda mengi na swali langu la kwanza huwa hili: ndani kuna nini? Watu wanapima ukuta kwa ukuta, halafu wanajaza vitu. Mleta mada, hebu taja kila kitu kilichokanyaga sakafu.

Mfuga Kumi na Mbili
Viota 3 vya kutagia. Chombo cha chakula, kimoja. Ndoo ya maji. Gunia la pumba. Na... baiskeli ya mtoto, ila ni ndogo.

Fundi Misumari
Baiskeli 😂😂 Mkuu, kuku hawaendeshi. Itoe leo. Gunia litoke. Viota vipandishe ukutani, sentimita 30 kwa 30 vinatosha, na hivyo 3 vinawatosha mitetea 10. Fito za kulalia zipande juu kuliko viota, la sivyo watalala kwenye viota na kuvichafua. Kila kuku apate sentimita 20 hadi 25 za fito. Umepata sakafu mpya bila kununua bati hata moja.

Mpenda Hesabu
Baiskeli sikuihesabu, nakiri.

Usiku ule
Huwa nasoma tu humu, ila mada hii imenirudisha mbali. Nilileta vifaranga 31. Wakiwa wa wiki 5 niliwahamishia kwenye banda la mita 2 kwa 1.2, wakawa kama punje zilizomwagwa uwanjani. Nikajisifu kwamba mwaka mzima sitashika nyundo. Walipofika miezi mitano walikuwa 31 wale wale, ila sasa kila mmoja ni kuku. Jioni wa mwisho kuingia walikuwa wanakanyaga migongo ya wa kwanza. Fito zilikuwa 2, zinabeba kama 16, waliobaki wote chini. Asubuhi nikifungua mlango harufu inanipiga macho mpaka yanatoa machozi. Mke wangu akasema tuongeze banda. Nikasema wiki ijayo. Hiyo wiki ijayo ikawa mwezi.

Usiku mmoja nikasikia bati linakwaruzwa. Kuku mmoja akalia, kikafuata kishindo kama cha gunia lililoanguka, halafu kimya. Kilichonitoa kitandani ni kile kimya. Nilipofika na tochi, wavu mzima, mlango umefungwa, hakuna hata tone la damu. Kuku wote wamerundikana kona moja, rundo linanifika magotini. Nikaanza kuvuta mmoja mmoja. Wa juu wazima, wananipiga mabawa usoni. Wa katikati wanahema midomo wazi. Wa chini bado wana joto, lakini shingo zimelegea. Niliwapanga kwenye majani nikahesabu mara mbili. 17. Hakuna aliyeng'atwa. Waliuana kwa hofu, kwa sababu wa chini hakuwa na pa kukimbilia isipokuwa kona.

Mama Tetea
Jamani. 17? Pole baba.

Mfugaji Mstaafu
Kurundikana kunaua kuliko watu wanavyodhani. Vifaranga ndio zaidi, baridi kidogo tu wanajazana kona. Ziba kona kwa ubao ziwe za mviringo.

Kijana wa Ua
Atakuwa nguchiro aliyekwaruza bati.

Bibi Hakupima
Nguchiro usiku? Nguchiro wengi wanawinda mchana kweupe. Huyo ni kicheche.

Kijana wa Ua
Kicheche ungesikia harufu. Basi kanu.

Bibi Hakupima
Kanu angepata tundu akaingia. Paka huyo.

Mfuga Kumi na Mbili
Wakuu, kuku wangu bado yuko kwenye boksi.

Daktari wa Ua (si daktari)
Mpake GV, ile dawa ya vidonda ya zambarau. Inaficha wekundu, wenzake hawatamfuata tena. Na kata midomo ya wale watatu.

Mfugaji Mstaafu
GV sawa. Midomo usiguse, utawatesa bure na chanzo kitabaki. Ning'iniza mboga za majani wazirukie, wakiwa na kazi hawadonoani.

Kijana wa Ua
Au mchinje mmoja, nafasi inaongezeka siku hiyo hiyo.

Mama Kishungi
Hilo la kuchinja mmelicheka, mimi silicheki. Mleta mada kasema mgongo ndio mtupu. Siyo mkia, siyo matakoni. Manyoya ya mgongoni yanatolewa na kucha za jogoo anapompanda. Majogoo 2 kwa mitetea 10 ni wengi, mmoja anatosha 8 hadi 10. Damu imetokea kwanza, wenzake wamekuja kudonoa baadaye. Mmoja aondoke. Na kama mvua iliwafungia ndani, ndio ukaona yote kwa pamoja.

Mfuga Kumi na Mbili
Dada, umejuaje mvua? Siku 9 sijawafungulia.

Mpenda Hesabu
Hapo ndipo hesabu yangu inapovunjika. 4 kwa mita ni kama wanatoka mchana. Banda lipimwe kwa ile siku ambayo hawatoki.

Futi kwa Futi
Nilisema nini?

Mpenda Hesabu
Ulisema futi 4 bila sababu. Kwa taarifa yako, sheria ya Umoja wa Ulaya inaruhusu hadi kuku 9 wa mayai kwa mita moja ya mraba, kwa wale wanaofugwa bila vizimba. Na vile vizimba visivyo na kiota wala fito vilivyopigwa marufuku huko Januari 2012 vilikuwa vinampa kuku sentimita za mraba 550. Karatasi ya A4 ina 624.

Futi kwa Futi
Kwa hiyo unamtetea nani sasa?

Mfuga Kumi na Mbili
Baiskeli imetoka. Gunia limetoka. Viota nimepandisha, kimoja kimepinda. Jogoo mdogo anaondoka Jumamosi. Nafunika kipande cha ua kwa bati ili wapate pa kukanyaga hata kukinyesha. Mgonjwa kapakwa zambarau, anafanana na sare za shule. Asanteni.

Kijana wa Ua
@Usiku ule, wale 14 waliobaki ulifanyaje?

Usiku ule
Nilijenga jipya, mita 2 kwa 3. Wote waliingia isipokuwa mtetea mmoja. Huyo tangu usiku ule analala mtini, hata mvua inyeshe vipi. Nimeacha kumfuata.